Mhandisi wa metali katika kiwanda cha tabaini hufanya kazi gani hasa?

Mwanafunzi wa Mlimani

Habari za leo, ndugu zangu. Ninamaliza shahada ya uhandisi mitambo hapa Dar es Salaam na ninavutiwa na metali zinazotumika kutengeneza tabaini za gesi, yaani mitambo inayozungushwa na gesi ya moto. Kinachonitatiza ni kwamba aloi, yaani michanganyiko ya metali, za kazi hiyo zinajulikana kwa miaka mingi, na kila moja ina jedwali lake la nguvu na joto. Ikiwa jibu limo kitabuni, mhandisi aliyeajiriwa kiwandani anabaki na kazi gani tangu asubuhi hadi jioni?

Mstaafu wa Karakana

Kijana wangu, jedwali hueleza metali iliyosubiwa vizuri, nasi huajiriwa kwa sababu ya hii iliyopo mezani. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda cha mapanga ya tabaini, yaani zile bapa zinazosukumwa na gesi, huko Uingereza. Panga huanza kama umbo la nta lenye kiini cha kauri ndani yake, ambacho baadaye huacha njia za hewa ya kupozea. Umbo hilo huchovywa katika uji wa kauri, hunyunyiziwa mchanga na kukaushwa, tena na tena, hadi gamba liwe nene; kisha nta huyeyushwa itoke, na aloi ya nikeli humiminwa ndani ya tanuru lililoondolewa hewa. Kwa mapanga ya fuwele moja, kalibu huteremshwa polepole kutoka sehemu ya moto, na metali inayoganda hulazimika kupita katika njia nyembamba iliyojisokota, ambamo fuwele moja tu hupenya na kuendelea kukua. Tunajisumbua hivyo kwa sababu metali ya kawaida ni chembe nyingi, yaani fuwele ndogo zilizoshikana, na katika joto kali mipaka kati ya chembe hizo ndiyo huachia kwanza.

Asubuhi nilikuta trei ya mapanga yaliyokwisha kuoshwa kwa asidi. Unaligeuza panga taratibu chini ya taa: likiwa fuwele moja, mng'ao wake hubadilika kote kwa pamoja, ukiona baka linalong'aa wakati pengine pamefifia, ujue imeota chembe ngeni. Hapo unapima imeota wapi, kwani ikiwa shinani, ambako mzigo ni mkubwa, panga hukataliwa. Kutwa iliyobaki huishia katika kutafuta chanzo: kasi ya kuteremsha kalibu, joto la tanuru, unene wa gamba, au aloi yenyewe. Meneja wa uzalishaji naye atakuuliza mara tatu kama una hakika.

Fundi wa Zamu

Naongezea la upande wetu tunaoitumia mitambo hiyo. Nikeli tupu huyeyuka katika nyuzi 1455 za Selsiasi, na katika tabaini kubwa za kisasa gesi inayoyafikia mapanga ya mwanzo inaweza kuzidi joto hilo, hivyo panga huishi kwa hewa ya kupozea na utando wa kauri. Hapa pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Sodiamu yake ikikutana na salfa huzaa sodiamu salfeti, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 884 na kulila tabaka linaloikinga metali. Ndiyo maana tunahangaika sana na vichujio vya hewa.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, panga la kompresa, sehemu inayokandamiza hewa, lilikatika, na mwenzetu, kwa nia njema kabisa, akalisugua kwa petroli na brashi ya waya ili bosi alione vizuri. Mtaalamu wa metali alipofika aliuliza nani amelisafisha, akanyamaza. Metali iliyokatika kwa uchovu, yaani kwa mzigo unaojirudia mara nyingi, aghalabu huwa na mistari ya upinde, kama ile inayobaki mchangani maji yakipwa pale ufukwe wa Coco, na mistari hiyo huonyesha ufa ulikoanzia. Yetu ilikuwa imefutwa yote.

Mhandisi wa Maji

Kwa heshima, kwa nini tumpeleke kijana mbali? Bwawa la Julius Nyerere lina tabaini 9 za megawati 235 kila moja. Tabaini za maji kwa kawaida hutumia chuma cha pua chenye takriban asilimia 13 za kromu na 4 za nikeli, na viputo vya maji vinavyopasuka juu yake huweza kukitoboatoboa. Kukichomelea bila kukiharibu ni elimu ya metali inayojitosheleza.

Mwanafunzi wa Mlimani

Shikamooni, wazee wangu, na asanteni. Ninaweza kuanza na nini nisipokuwa na maabara kubwa?

Mstaafu wa Karakana

Marahaba. Nenda mtaa wa Gerezani, hapo Dar, ununue tabo iliyokufa ya lori, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa. Gurudumu la upande wa moshi kwa kawaida ni aloi ya nikeli, la upande wa hewa ni alumini, na mhimili ni chuma. Pitisha sumaku kuanzia mhimili kuelekea gurudumu la moshi. Itashika, halafu ghafla itaachia, na hapo ndipo metali mbili zilipounganishwa. Likate katikati, ulisugue kwa msasa kuanzia wa kukwaruza hadi ulio laini kabisa, kisha uombe hadubini ya chuo. Kama gurudumu limevunjika, usiuguse kwa brashi uso wa mpasuko.