Chicago: nichague eneo gani nikinunua chumba cha hoteli kabla ya kutajiwa jina?

Msafiri_Mwanza

Wakuu, habari za majukumu.

Kuna mkutano wa kikazi McCormick Place, Chicago, mwezi wa Mei, kulala siku tano. Ofisi inatoa dola 130 kwa usiku, kodi ikiwa humo humo, na hoteli zilizoungana na ukumbi zimepita mbali hela hiyo. Nimesoma maelekezo ya zamani ya Priceline, tovuti ya kuuza vyumba na tiketi: unachagua eneo na idadi ya nyota, unataja bei yako, hoteli ikikubali kadi inakatwa papo hapo ndipo unajua umepata wapi.

Kinachonisumbua ni eneo. Naona Loop (katikati ya mji), South Loop, River North, Magnificent Mile, kisha O'Hare kwenye uwanja wa ndege na Rosemont, ambako bei ni ya chini sana. Sitakodi gari, nategemea treni, na jioni ningependa kutoka kwa miguu kutafuta chakula bila wasiwasi. Nianze na eneo lipi, na nikikataliwa niongeze lipi?

Ramani_Mkononi

Mkuu, maelekezo uliyosoma yamepitwa na wakati. Kutaja bei yako mwenyewe, mtindo ulioanza na Priceline mwaka 1998, kuliondolewa kwenye tiketi za ndege mwaka 2016 na baadaye kwenye hoteli pia. Siku hizi bei unaiona. Kinachofichwa ni jina. Ofa hizi Priceline wanaziita Express Deals, na Hotwire, tovuti nyingine ya aina hiyo, wanaziita Hot Rates. Unaonyeshwa eneo kwenye ramani, nyota, alama walizotoa wageni na orodha ya huduma. Unalipa, jina linafunuka, na hapo hakuna kughairi wala kubadili tarehe.

Kwa hiyo swali la "niongeze eneo lipi" limekufa, lakini la "nichague eneo lipi" lina uzito uleule.

Watu wengi hukosea hapa: wanaangalia katikati ya eneo lililochorwa na kujipa moyo kwamba hoteli itakuwa pale. Tafuta kona iliyo mbaya kuliko zote ndani ya mpaka ule, ujiulize kama ungelala hapo kwa bei hiyo. Ukisita, acha. Hoteli inayouza chumba bila jina mara nyingi ndiyo yenye vyumba visivyojaa, na iliyo pembezoni ina sababu zaidi ya kutojaa.

Chicago ni rahisi kupima kwa sababu namba za nyumba zinahesabu umbali. Sifuri ni makutano ya State na Madison, katikati ya Loop. Kwenda kaskazini, kila namba 800 ni maili moja. Kusini mwanzoni ni tofauti kidogo: Roosevelt, yaani 1200 South, ni maili ya kwanza, na Cermak, 2200 South, ni ya pili. McCormick Place iko 2301 South King Drive. Ukitajiwa hoteli yenye anwani ya 700 South Michigan unajua mara moja kwamba uko chini ya maili moja kutoka katikati ya mji, na kama maili moja na nusu kutoka ukumbini.

Sasa maeneo yako. South Loop ndilo chaguo langu la kwanza kwa safari hii, hasa ukiangukia karibu na kituo cha Roosevelt, ambako njia za Red, Green na Orange zinakutana. Green Line inakupeleka kituo cha Cermak-McCormick Place, kilichofunguliwa mwaka 2015, na kutoka hapo unatembea mitaa michache. Kona mbaya yake ni upande wa kusini na magharibi, kuelekea reli na barabara kuu: mchana hakuna shida, usiku pamepoa na vyakula ni vichache. Ila kwako kona hiyo iko karibu na mkutano, kwa hiyo hata ukiangukia huko hujapoteza sana.

Loop ni ya pili. Upande wa mashariki, State, Wabash na Michigan, watu wanapita mpaka usiku na Millennium Park iko hapo hapo. Upande wa magharibi ni maofisi. Wafanyakazi wakishaondoka jioni pamekwisha. Usafiri hauna mfano: karibu njia zote za treni zinapita Loop, na basi namba 3 la King Drive linashuka Michigan Avenue hadi McCormick Place. Kero yake ni kelele. Reli ya juu inazunguka Lake, Wabash, Van Buren na Wells, na chumba kinachotazama reli ghorofa ya tatu ni adhabu.

River North na Magnificent Mile ni kuzuri kwa kula na kutembea, na mtalii ningempeleka huko bila kufikiri. Wewe ukitupwa kona ya kaskazini karibu na Division, 1200 North, uko karibu kilomita 6 kutoka ukumbini. Red Line itakushusha Cermak-Chinatown, kisha utembee kama kilomita moja au upande basi namba 21. Inawezekana, lakini kila asubuhi kwa siku tano inachosha.

Pwani_hadi_Illinois

Naongezea kuhusu O'Hare, maana bei za kule zinavuta watu kama sukari na sisimizi.

"Chicago O'Hare" kwenye tovuti hizi si mtaa mmoja. Ndani yake mna Rosemont, Schiller Park, Des Plaines, hata Elk Grove Village. Rosemont ina kituo cha Blue Line, kimoja tu kabla ya uwanja wa ndege. Elk Grove haina treni hiyo kabisa; pale utategemea basi la hoteli la kwenda uwanjani, kisha upande treni kurudi ulikotoka. Ramani haikuambii utaangukia upande gani.

Hata ukipata Rosemont yenyewe, Blue Line hadi Loop ni karibu dakika 40, kisha unahamia Green, kisha unatembea. Weka saa moja na robo kwenda na vivyo hivyo kurudi. Kwa siku tano ni zaidi ya saa 12 kwenye treni. Tofauti ya dola 30 kwa usiku inakupa dola 150. Mimi nisingeuza saa zangu kwa bei hiyo, lakini mfuko ni wako.

Eneo la Midway, uwanja wa ndege mwingine wa Chicago, nalo ni hivyo hivyo. Hoteli nyingi za huko ziko Bedford Park, kusini ya uwanja, na kituo cha Orange Line hakifikiki kwa miguu kirahisi ukiwa na sanduku.

Kingine: angalia tarehe kabla ya kuangalia eneo. Mei pale McCormick Place huwa kuna maonyesho makubwa ya biashara ya migahawa, na yakigongana na siku zako hoteli za South Loop hazina haja ya kuuza chumba kwa siri. Ndivyo ilivyo pia mwishoni mwa Novemba kwenye mkutano wa madaktari wa mionzi, Oktoba kwenye mbio za marathoni, na wikiendi ya tamasha la Lollapalooza Grant Park. Wiki kama hizo punguzo hukimbilia River North au viwanja vya ndege. Januari hadi Machi ni kinyume: baridi kali, vyumba vitupu ni tele, na hata hoteli nzuri za Loop zinashuka.

Ramani_Mkononi

Umenikumbusha jambo. Zamani kwenye kutaja bei kulikuwa na ujanja: ukikataliwa ulisubiri saa 24 kabla ya kujaribu tena, isipokuwa umebadilisha kitu. Aliyetaka nyota nne, kwa mfano, aliongeza eneo lisilo na hoteli yoyote ya nyota nne, akapata nafasi nyingine ya kujaribu bila hatari ya kutupwa huko, kwa kuwa hakukuwa na hoteli ya kumpokea.

Ujanja wenyewe umekufa ila hesabu yake inafaa bado. Fungua utafutaji wa kawaida, wenye majina, kwenye tovuti ileile. Chuja kwa eneo lilelile, nyota zilezile na tarehe zilezile. Zikibaki hoteli mbili, umeshapunguza gunia mpaka unamwona mbuzi. Linganisha alama za wageni (8.4 haifanani na 7.6) na huduma: bwawa la kuogelea, kifungua kinywa bure, maegesho, jiko dogo chumbani. Hoteli yenye bwawa katikati ya mji si nyingi, kwa hiyo hicho peke yake kinakata nusu ya majina. Usilinganishe nyota za tovuti moja na za nyingine, kila mmoja anapanga zake. Hoteli ileile ni tatu na nusu huku na nne kule.

Priceline pia wana kitu kinaitwa Pricebreakers: unaonyeshwa hoteli tatu kwa majina, unapata mojawapo. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa eneo hiyo ni bora zaidi. Pima iliyo mbali kuliko zote tatu, basi.

Msafiri_Mwanza

Asanteni sana. Nimeona South Loop nyota tatu na nusu kwa dola 104, wakati za majina zinazofanana zinaanzia 128 na unaweza kughairi. Naona kama ni pesa ya bure. Nakosea wapi? Na je, kadi ya mtandaoni ya simu inakubalika?

Dawati_la_Usiku

Nijibu upande wa mapokezi.

Kwanza hesabu. Kodi ya hoteli Chicago inazidi asilimia 17, na tovuti huiweka pamoja na ada yake kwenye mstari mmoja wa kodi na ada. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inataka ada za lazima za hoteli ziwe ndani ya bei inayotangazwa, lakini kodi za serikali bado zinaweza kuja mwishoni. Kwa mfano, 104 mara tano ni 520. Ukiongeza kodi pekee unafika kama 610, na ada ya tovuti juu yake. Ile ya 128 ni 640, na kodi inakuwa kama 751. Kwa hiyo unaokoa chini ya dola 30 kwa usiku, na badala yake unatoa haki ya kughairi. Na angalia kikomo chako: 130 mara tano ni 650, kwa hiyo ile ya jina haiingii kabisa. Linganisha jumla ya mwisho kwa mwisho, siyo ile namba kubwa ya juu. Punguzo likiwa chini ya asilimia 15 mimi simshauri mtu afumbe macho.

Pili, viza. Kama hujaipata, usinunue chumba kisichorudishwa pesa. Fomu inataka anwani utakapofikia, haitaki risiti ya hoteli iliyolipwa. Shika kwanza chumba cha kughairi, viza ikitoka utafute cha punguzo, kisha ughairi kile cha kwanza kabla ya muda wake kwisha.

Tatu, kadi. Ya mtandaoni, iwe ya M-Pesa au ya benki, kwa kawaida italipa kwenye tovuti. Shida inaanzia kaunta. Mapokezi wanataka kadi ya kushika mkononi yenye jina lako, na wanazuia amana, mara nyingi dola 50 hadi 100 kwa usiku. Kwa siku tano hiyo ni dola 250 hadi 500 ambazo zipo kwenye akaunti lakini huzigusi, na kwa kadi ya benki ya nje zinaweza kuchukua wiki moja au mbili kurudi baada ya kuondoka. Usije na kadi moja ambayo ndiyo hiyo hiyo ya chakula. Jina kwenye oda liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Ukishanunua kulibadilisha ni kazi.

Nne, chumba chenyewe. Aliyenunua bila jina hupangiwa chumba mwishoni, baada ya waliolipa bei kamili. Aina ya kitanda haina ahadi. Mkiwa wawili na mnataka vitanda viwili, msinunue hivi. Ukiwa peke yako, jina likishafunuka piga simu hotelini moja kwa moja siku mbili kabla, uombe ghorofa ya juu, upande usiotazama reli, mbali na lifti. Ombi la adabu husikilizwa kama vyumba vipo. Pointi za uanachama wa hoteli kwa kawaida hupati.

Msafiri_Mwanza

Swali la mwisho, wakuu. Ndege inatua O'Hare saa mbili asubuhi. Nianze kuhesabu usiku kuanzia lini, na nifike vipi South Loop na sanduku kubwa?

Pwani_hadi_Illinois

Anza kuhesabu usiku wa siku hiyo hiyo unayotua. Chumba kitatolewa saa tisa alasiri hivi, lakini mizigo wataipokea asubuhi, ukazurure. Ingekuwa unatua saa saba usiku, hapo ungenunua kuanzia tarehe ya jana yake, na uwaambie kwamba utachelewa wasije wakakuandika hukutokea. Wakifanya hivyo wanaweza kufuta siku zote tano.

Treni: Blue Line inaanzia uwanjani, na inatembea saa 24. Ukiwa na hoteli karibu na Cermak, shuka Clark/Lake, panda lifti hadi reli ya juu, chukua Green inayoelekea Ashland/63rd au Cottage Grove, zote mbili zinapita Cermak-McCormick Place. Ukiwa karibu na Roosevelt, endelea na Blue hadi Jackson, vuka njia ya chini kwenda Red, uelekee 95th, ushuke Roosevelt. Saa mbili asubuhi treni imejaa wanaokwenda kazini. Unapandia kituo cha kwanza, kwa hiyo keti behewa la mwanzo au la mwisho kabla hawajaingia.

Na waulize waandaaji kama kuna mabasi ya mkutano. Kwa kawaida yanahudumia hoteli walizoziorodhesha wao tu, lakini kituo chake kikiwa jirani na hoteli yako, kitambulisho cha mkutano mara nyingi kinatosha kupanda. Ipate hiyo orodha kabla hujanunua, uilinganishe na ramani ya eneo.