Siku ya Chai: 21 Mei au 15 Desemba?

Swali: Wadau, naandaa kalenda ya machapisho ya "leo ni siku ya nini". Chai naikuta mara mbili. Niweke ipi? Na resipi ya tangawizi isiyokata maziwa, tafadhali.

kalenda_ya_ukutani: Weka 21 Mei. 15 Desemba ilianza 2005 katika nchi zinazolima chai; Umoja wa Mataifa ukapitisha 21 Mei mwaka 2019, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2020. Kurasa nyingi hunakili orodha za zamani, ndiyo maana unaziona zote mbili.

Ila angalia: 21 Mei 1996 ndipo meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya abiria wakafa. Kwa wasomaji wa Tanzania, kumbukumbu hiyo itangulie asubuhi, peke yake. Chai ipandishe jioni. Ukizibana kwenye chapisho moja utatukanwa, na kwa haki.

sufuria_nyeusi: Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, moto ndio unaokiua. Kwa vikombe vinne: ponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chemsha na vikombe 2 vya maji dakika 5 yakitokota kweli. Tia majani vijiko 2 vya chai, dakika 2. Ndipo maziwa vikombe 2, yaumuke mara moja, epua, chuja. Maziwa yaliyoanza kuchacha yatakatika tu, usiisingizie tangawizi.

Muuliza swali: Jioni basi. Ahsanteni.