Laptopu mpya ina HDMI na USB-C tu, monita zangu ni za VGA: nichukue adapta ipi?

MamaKopi (Morogoro)

Wakuu habari za jioni. Nina kaduka ka steshenari hapa Moro: kutoa kopi, kuchapa CV, picha za pasipoti. Mashine ya zamani imezima moja kwa moja, nikajikamua nikanunua laptopu mpya. Kuifungua nyumbani ndipo naona pembeni ina HDMI moja, USB-C mbili na USB za kawaida mbili. Ule mlango wa bluu wa kufunga kwa skrubu, wa VGA, haupo kabisa.

Monita ninazo tatu, zote nzima. Mbili ni za inchi 17, zile za umbo la karibu na mraba, zina VGA peke yake. Ya tatu ni inchi 19 pana, ina VGA pamoja na ule mlango mweupe wa DVI. Nataka laptopu ikae chini ya kaunta, monita moja initazame mimi, nyingine imtazame mteja aone jina lake linavyoandikwa. Ugomvi wa "nilikwambia Juma, wewe umeandika Jumaa" umenichosha.

Duka la kwanza wamenionyesha adapta ya HDMI kwenda VGA, 12,000. La pili wanasema hapana, chukua ya USB-C kwenda VGA, 30,000. La tatu kijana kaniapia kwamba kiboko ni ya USB ya kawaida, inaingia mashine yoyote, ila bei yake nilicheka nikatoka. Shemeji yangu naye anasema niache uchoyo, ninunue monita ya mtumba yenye HDMI. Nani mkweli hapa?

FundiKaloleni

Dada, wote wakweli. Kila mmoja kakuuzia alichonacho dukani.

VGA ni kitu cha IBM cha mwaka 1987. Nyekundu, kijani na bluu kila moja ina waya wake, na picha inasafiri kama umeme unaopanda na kushuka, haufiki hata volti moja. HDMI inapitisha namba. Hao wawili hawaelewani mpaka akae mkalimani katikati, yaani chipu. Ndiyo maana ukikuta waya wa bei ya karanga, HDMI huku na VGA kule, ndani hauna chipu yoyote, huo ni kamba ya kuanikia nguo. Na usitegemee VGA itarudi: Desemba 2010 Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG walitangaza pamoja kwamba ikifika 2015 wanaiacha.

Ile ya 12,000 inafanya kazi. Tatizo lake ni chakula. Mkalimani anakula umeme wa volti 5 unaotoka kwenye HDMI yenyewe, na kanuni ya HDMI inaidai mashine itoe angalau miliampia 55 tu. Laptopu nyingine inatoa zaidi, nyingine inatoa hizohizo. Ukiona picha inakuja sekunde tatu inapotea, inarudi, inapotea, usiilaumu monita. Chukua adapta yenye katundu ka pembeni ka kuchomekea umeme wa USB. Na kama ina tundu la spika ni afadhali, maana VGA haijawahi kubeba sauti.

KasukuWaTanga

Naongezea kilio changu. Angalia MSHALE. Mimi nilinunua ya VGA kwenda HDMI, muuzaji akaniambia "ni ileile, unageuza tu". Nimegeuza wiki nzima. Mkalimani wa kutoa namba kuwa umeme si yule wa kutoa umeme kuwa namba, na adapta haina njia ya kurudi. Soma maandishi ya kwenye boksi: kwanza kinatajwa kinachotoka kwenye kompyuta, halafu kinachoingia kwenye kioo.

Kwa wenye zile kompyuta ndogo za mtumba zenye DisplayPort (mlango mwingine wa kutolea picha), kosa ni hilohilo. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI unatoka kompyuta kwenda kwenye kioo. Ukiwa na laptopu ya HDMI na monita ya DisplayPort, waya huo ni urembo.

Otis_Luthuli

Salamu kutoka Nairobi. Madam, hiyo ya USB-C ni nzuri, lakini kabla hujatoa pesa chukua tochi ya simu umulike hizo tundu mbili. USB-C ni umbo la mdomo tu, haisemi unaongea nini. Nyingine inabeba chaji na mafaili peke yake. Tafuta kialama kama herufi D ambayo ndani yake kuna P, hiyo ni DisplayPort, au alama ya radi, yaani Thunderbolt. Ukikuta moja kati ya hizo, picha itatoka. Usipoona kitu, tafuta namba kamili ya modeli chini ya laptopu usome maelezo ya mtengenezaji, kwa sababu wengine hawaweki alama na picha inatoka. Hapa dukani karibu kila wiki mtu anarudisha adapta nzima kabisa, kumbe tundu yake ndiyo bubu.

Hiyo kiboko ya USB ya kawaida ni ya aina ya DisplayLink. Inatumia draiva, yaani programu ya kuiendesha: kompyuta yenyewe inaibana picha, inaituma kama inavyotuma faili, kisha chipu iliyo kwenye adapta inaifungua. Kuchapa barua hutaona shida. Weka mpira au filamu, utasikia feni inaanza kulia. Mimi huiuzia mtu ambaye USB-C yake ni bubu na HDMI ashaitumia. Wewe bado hujafika huko.

MdauPwani

Niko na shemeji. Mnapanga adapta juu ya adapta kuokoa monita ambazo taa zake za nyuma ni zile mirija za zamani, zinafifia na kuwa njano kadiri zinavyozeeka. Huyu dada anafanya PICHA. Atampaka mteja mwanga usiokuwepo kwa sababu kioo kinamdanganya.

FundiKaloleni

Hoja ya taa nakubali. Lakini monita ya mtumba yenye HDMI nayo taa yake umeipima na nini? Unaiona dukani imewashwa dakika mbili.

MwalimuWaSketi

Naomba nirudi kwenye ule mlango mweupe, maana mmeuruka na hapo ndipo penye unafuu.

DVI na HDMI ni ndugu wa tumbo moja. Picha wanaituma kwa mtindo uleule, kwa hiyo HDMI kwenda DVI haihitaji mkalimani wala umeme wa ziada, ni waya na waya. Monita ya inchi 19 iunge hivyo. Herufi zitakuwa kali kuliko kwa VGA, maana hakuna kugeuza picha kuwa umeme halafu monita kuirudisha tena kuwa namba. Watu wengi wana monita ya DVI na bado wanahangaika na VGA kwa mazoea.

Tahadhari moja kwa watakaosoma baadaye. Kuna vile vipande vidogo vya DVI kwenda VGA ambavyo havina chipu. Vinafanya kazi pale tu DVI ya kompyuta ina vitundu vinne vidogo vinavyouzunguka ule mwanya bapa wa pembeni. Hivyo vinne ndivyo vinavyobeba umeme wa VGA. Ukikuta mwanya upo peke yake, DVI hiyo ni ya namba tupu na kipande hicho hakitakusaidia.

Kwa hiyo dada: HDMI iende DVI ya inchi 19 upande wako, USB-C iende VGA ya inchi 17 upande wa mteja, kama tundu si bubu. Ya MdauPwani kuhusu rangi ni kweli, basi picha zirekebishie kwenye kioo cha laptopu.

KijanaWaChogo

Samahani naingilia. Mimi nina TV ya chogo yenye tundu za njano, nyekundu na nyeupe. Kuna kisanduku cha HDMI kwenda AV. Naweza kuandikia kazi za chuo?

FundiKaloleni

Filamu utaona. Herufi za Word utaona sisimizi. Usijaribu.

Otis_Luthuli

Na hata filamu, app zingine za kulipia zinakuwekea giza ukipitia adapta, kwa sababu zinataka kioo kijitambulishe kwa ulinzi wa HDCP, na AV au VGA hazina kitu hicho.

MamaKopi (Morogoro)

Asanteni sana. Nimemulika: USB-C ya nyuma ina hiyo D, ya mbele haina kitu. Afadhali nimeuliza.

Ila nimeshtuka. Nimetoa waya wa VGA kwenye boksi nikahesabu pini, ziko 14! Safu ya katikati pana pengo. Umeharibika?

MwalimuWaSketi

Haujaharibika. Nafasi ni 15 kwa safu tatu, na hiyo iliyo wazi, ya nne kwenye safu ya katikati, ni namba 9. Waya nyingi zimetengenezwa bila hiyo pini. Ogopa iliyopinda, si isiyokuwepo. Ikipinda namba 3, bluu haifiki na kioo kizima kinakuwa njano. Ikikatika 12 au 15, monita inashindwa kujitambulisha kwa kompyuta, unabaki unapewa 1024 kwa 768 na herufi zenye ukungu.

Ukishaunga, nenda kwenye mipangilio ya kioo: inchi 17 uipe 1280 kwa 1024, ya 19 pana angalia kibandiko, nyingi za enzi hiyo ni 1440 kwa 900. Ukiiachia ya mraba picha ya upana wa TV ikaibana, uso wa mteja utarefuka kama muhogo, na atakataa picha ambayo ikichapwa haina kosa lolote. Halafu tumia kupanua (Extend, kila kioo na picha yake), usitumie kunakili (Duplicate, picha ileile kwenye vyote). Ukinakili, vioo vya maumbo mawili vinatafuta ukubwa wanaoukubali wote na mara nyingi vyote vinaonekana vibaya. Panua, kisha sukuma dirisha la Word upande wa mteja.

MamaKopi (Morogoro)

Mrejesho, wakuu. Ya DVI imewaka mara moja, sijagusa kitu, herufi kali mpaka nimeona vumbi kwenye kioo. Ya mteja ilikuja imehamia kushoto, herufi za mwanzo zimekatwa na upande wa kulia pana mstari mweusi. Nikabonyeza kile kitufe cha AUTO chini ya monita, ikatetemeka kidogo ikakaa sawa. Laptopu nikifunga ilikuwa inalala, nimeiambia kwenye mipangilio ya umeme isifanye chochote nikifunga mfuniko, nikaiwekea vitalu viwili chini ipate hewa.

Mteja wa kwanza leo asubuhi kasoma kioo chake, kaniambia "hapo toa h, ni Rukia bila h". Tumecheka, kalipa.

Inchi 17 ya pili imebaki bila kazi. Nzima, haina doa, mwenye shida aje na waya wake.

KasukuWaTanga

Adapta yangu ya VGA kwenda HDMI nayo bado ipo kwenye boksi, mwenye kompyuta ya zamani na TV mpya aniite PM.