Kukodi gari Cape Town kwa kadi ya debit, inawezekana?

MamaNuru_Ilazo
Wakuu habari za jioni. Mimi na mzee tunataka kwenda Cape Town mwezi wa tisa, siku chache tu, na tuna mtoto wa miaka miwili. Tumeona bora tukodi gari tujiendeshe wenyewe maana tunataka kufika Hermanus kwenye nyangumi na Boulders kwenye pengwini, sasa kuzunguka na mtoto kwenye teksi kutwa nzima naona atachoka na hela itaisha. Bei ya gari kwa siku nimeiangalia mtandaoni sio mbaya, tatizo kuna sehemu wameandika lazima kredit kadi yenye jina la dereva na sisi kadi zetu ni hizi za debit za kupokelea mshahara. Kuna aliyewahi kukodi kwa debit? Na leseni yetu wanaikubali au mpaka ile ya kimataifa? Tiketi bado hatujakata, naombeni mnisaidie jamani.

mtumishi_mtumba
Dada hapo kwenye kadi ndo penyewe. Wakikupa gari wanashikilia hela kwenye kadi kama dhamana. Ikiwa ni kredit kadi ile hela haitoki, inafungiwa tu, ukirudisha gari salama wanaiachia. Debit sasa, kampuni nyingi wanakataa pale kaunta hata kama gari ulishalilipia mtandaoni, na wanaokubali hela inakatwa kweli kwenye akaunti, kurudi inachukua siku kadhaa au wiki, halafu ilitoka shilingi ikaenda randi ikarudi tena shilingi kwa hiyo usitegemee irudi ileile. Kama ndo hela ya ada au kodi ya nyumba mtateseka.
Nenda benki yenu hapo mjini uliza kredit kadi, kuna benki zinakupa kwa kuzuia akiba yako, ila anza mapema. Na iwe ya mzee kama yeye ndo dereva, kadi ya mke na leseni ya mume hawapokei.
Leseni ya Tanzania wanaikubali, ina picha na sahihi na Kiingereza. Ya kimataifa sio lazima, ila kampuni nyingine zina masharti yao, soma kabla ya kulipa.

Binti_Chamwino
Naongezea bima maana watu wengi wanaumia hapo. Hata ukipewa bima kubwa kuna kiasi unachobeba wewe mwenyewe gari likipata shida, wanaita ekses, na ndo kinachofanya ile dhamana iwe kubwa. Ukilipa zaidi kwa siku ekses inashuka, mimi nakushauri lipa tu ulale usingizi. Angalia pia kama matairi, rimu, kioo cha mbele na uvungu vimo, mara nyingi havimo.
Na zile tovuti zinazolinganisha bei zikikuuzia "full cover" ujue ni bima yao wao, kaunta hawaitambui, likitokea la kutokea unakatwa kwanza halafu ndo uanze kudai kwa barua pepe.
Kabla hamjatoka getini zungukeni gari na simu mnarekodi video, mkwaruzo wowote uandikwe kwenye fomu, na dashibodi ionekane kilomita na mafuta. Kurudisha vilevile.

fundi_nkuhungu
Kuendesha hamtapata shida, ni kushoto kama huku. Mwendo wa juu mjini ni kilomita 60 kwa saa, nje ya mji 100, barabara zile kubwa 120. Kamera zipo na faini inaenda kwa kampuni, nao wanakukata kwenye kadi hela ya faini na ya usumbufu wao hata kama ulisharudi Dodoma. Kuna makutano yana stop pande zote nne, pale aliyefika na kusimama kwanza ndo anaondoka kwanza, hakuna kupigiana honi.
Kama mzee kazoea IST na magari ya oto, akodi oto, vigari vya bei rahisi kule vingi ni manyuo na ile milima sio ya kujifunzia klachi. Begi msiache kwenye siti hata dakika mbili, wekeni buti kabla hamjafika mnakopaki.

MamaNuru_Ilazo
Mungu awabariki, kesho napitia benki. Kiti cha mtoto vipi? Huku tunambeba tu mapajani.

Binti_Chamwino
Hapana dada, kule tangu 2015 sheria inataka mtoto chini ya miaka 3 awe kwenye kiti chake. Kampuni wanakodisha ila wekeni oda mapema, au bebeni chenu, ulizeni shirika la ndege. Kusema ukweli hata kwenye barabara yetu ya Dar nawaomba mkitumie.
Halafu siku ya Hermanus pitieni Betty's Bay, pale Stony Point kuna pengwini walewale, kwa hiyo Boulders mnaweza kuiacha mkaokoa siku nzima. Nyangumi mwezi wa tisa mnawaona mkiwa mmesimama kwenye miamba, boti ya nini na mtoto mdogo. Kurudi piteni R44, barabara inafuata bahari hadi Gordon's Bay, ila ina kona nyingi, jua lisiwazamie njiani.