Donge la kuvumwani Bonde la Teleki: kwa nini ni kijani hadi chini?

Mwalimu wa Umoja
Habari zenu wadau. Wiki jana nilipanda Mlima Kenya na wanafunzi kwa njia ya Naro Moru. Kule Bonde la Teleki, juu ya mita 4,000, tulikuta kwenye udongo mtupu madonge ya kuvumwani (vile vimea vidogo laini, Kiingereza moss), kila moja kama limau. Nikainua moja. Halikushika popote, lilitoka kama yai kiotani. Kuligeuza, chini nako kijani kibichi! Upande uliolalia udongo unapataje jua? Nililirudisha palepale. Wanafunzi wameniuliza kutoka Karatina hadi Thika, na jibu sina.

Mama Wawili, Ngara
Labda pimbi wanayabingirisha? Huko wamejaa.

Mzee wa Mimea
Hapana dada, ni baridi. Mwanabotania Msweden Olov Hedberg alisema kule juu ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Usiku maji ya udongoni huganda yakasimama kama sindano, yakainua udongo wa juu na chochote kilichokalia. Jua likitoka, sindano huyeyuka na kulala, donge nalo hushuka limegeuka kidogo. Hivyo kila upande hupata zamu yake ya jua. Na kwa kuwa kuvumwani haina mizizi, hunywa maji kwa majani yake, kubingirika hakuiui. Iceland madonge ya namna hii hukaa juu ya barafu yenyewe. Mtafiti wa huko, Jón Eyþórsson, aliyaita panya wa barafu mwaka 1951.

Mwalimu wa Umoja
Kumbe! Asubuhi ile udongo ulikuwa ukilia chini ya viatu kama chumvi ya mawe. Nilipopiga magoti niliona vijiti vya kioo, vifupi kama ukucha, vimebeba chembe za mchanga vichwani. Asante sana mzee. Jingine tulilikuta jeusi, limekauka kabisa. Limekufa?

Mzee wa Mimea
Usiharakishe kulizika, mwalimu. Kisiwani Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, barafu ya Teardrop ilipopungua ilifichua kuvumwani iliyofunikwa miaka kama 400. Mwaka 2013 mtafiti Catherine La Farge na wenzake walieleza jinsi walivyoisaga na kuipanda maabara, ikachipua. Aina mojawapo iliyochipua ni Aulacomnium turgidum, ya Aktiki na milima ya baridi. Mkirudi Teleki, lidondosheeni lile jeusi maji kidogo ya chupa, kisha watoto watazame rangi ya majani.