Gari la zimamoto lenye kasoro ya umeme: liegeshwe au liendelee na kazi?

Kibiriti_Chanika: Wakuu, tujadili. Marekani wana sheria tangu 1966: kiwanda kikigundua kasoro ya usalama kinawajulisha wenye magari, na tangu 1974 kinalazimika kuwatengenezea bure. Lori, basi, gari la zimamoto, yote yamo. 2023 Hyundai na Kia waliita magari zaidi ya milioni 3 kule kwa sababu moduli ya ABS (kifaa cha breki) ilikuwa inavuja na kupiga shoti, gari linaweza kuwaka hata limezimwa. Wenyewe wakaambiwa waegeshe nje, mbali na nyumba. Sawa kwa gari la familia. La zimamoto lenye kasoro hiyo utaliegesha vipi na mji mzima una hilo hilo moja? Mimi nasema lipige kazi huku linasubiri fundi. Ingawa kwetu, kabla ya kulaumu kiwanda, tuanze na hawa mafundi umeme wa chini ya mwembe wanaounga ving'ora kwa selotepu.

Fundi Rewaya: Hiyo moduli ya Hyundai niliifunga mimi?

Mama Nassor: Jamani, barua ya wito inakwenda kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Gari likishatoka nje ya nchi kama mtumba au msaada, barua inabaki kwa bwana wa zamani. Tena namba ya chesisi ya gari la soko la Japani haifiki herufi 17, ukiiweka kwenye tovuti ya Wamarekani inakataa. Sasa kwetu nani anafuatilia?

Kibiriti_Chanika: Mama Nassor nakuja. Fundi, selotepu nimeiona kwa macho yangu, tena ya kufungia zawadi.

Fundi Rewaya: Uliyemwona ni fundi au shemeji yako? Malori ya Japani yana betri mbili, volti 24. Bosi ananunua kimulimuli cha volti 12 kwa sababu ni rahisi, anakuja nacho "fundi funga". Ukimwambia lete kigeuza umeme cha kushusha 24 iwe 12 anakuita mwizi, anakwenda kwa mwingine anayechomoa umeme kwenye betri moja. Moja inachajiwa kupita kiasi, nyenzake inakufa. Mwezi ukiisha lawama kwa fundi!

Afande Mstaafu: Mnazungumzia gari kuungua. Hatari kubwa ni umeme kukata wakati pampu inafanya kazi. Pampu inazungushwa na injini. Dizeli nyingi za zamani zikishawaka hazikuhitaji umeme kuendelea. Hizi za kompyuta, umeme ukikata injini inazima, maji yanakata, na mwenzako yuko ndani ya nyumba ameshika mpira mtupu. Kwa hiyo Kibiriti, hilo la "lipige kazi" kaliseme ukiwa wewe ndiye umeshika mpira.

Mwana wa Kongowea: Afande maji gani tena, si huwa mnafika bila maji? 😂 Huku Kenya gari la mtumba likipita miaka 8 haliingii, basi hizo kasoro za kale mtazisikia nyinyi.

Kibiriti_Chanika: Miaka 8 na soko la Gikomba bado inaungua kila leo. Hongereni.

Mwana wa Kongowea: Na soko la Kariakoo Julai 2021 liliungua Nairobi?

Afande Mstaafu: Kijana, mlango umezibwa na meza za biashara, waya wa umeme umening'inia kichwani, halafu mnasema hatuna maji. Tangi likiisha tunahitaji haidranti, bomba la mtaani la kujazia maji. Haidranti mmeijengea kibanda cha chipsi.

Mama Nassor: Bado nasubiri nani anafuatilia hizo namba. Huko Marekani kwenyewe sheria inamzuia wakala kuuza gari jipya lenye kasoro ambayo haijatengenezwa. La mtumba haimzuii.

Dogo Altaneta: Mama, tovuti za Kijapani zinapokea namba ya chesisi, ila ujue Kijapani. Mimi nauliza hivi, fundi umeme wa magari lazima awe na cheti cha VETA, cha mafunzo ya ufundi?

Kibiriti_Chanika: Awe nacho! Hapo ndipo tulipo.

Fundi Rewaya: Ninacho, na nimekitundika ukutani. Wewe leta cha udereva.

Mwana wa Kongowea: Fundi, waachie hao. Probox yangu inaunguza fyuzi ya taa za nyuma kila wiki. Shida?

Fundi Rewaya: Angalia waya unaopita kwenye bawaba ya mlango wa buti, hukatika kwa kufunguliwa. Piga picha uweke hapa. Na usiweke fyuzi kubwa zaidi, utamwita Afande.