Re: Gari limehamishwa usiku, na hii theluji yote inapelekwa wapi?

Toka: mdogo wenu wa Nkuhungu, Montreal

Shikamooni wakubwa zangu, mbukwenyi wote. Mimi ndo yule niliyetoka Dodoma nikafika huku Kanada mwezi wa nane kusoma. Juzi theluji imeanguka kama sentimita 20, jana asubuhi natoka gari silioni, nikajua limeibiwa, nikakaa pale kwenye ngazi nikalia, mpaka jirani akanionesha kwenye simu yake kwamba limesogezwa mtaa wa tatu na lina karatasi ya faini kwenye kioo. Sasa jamani mnieleweshe, mbona magari yanaondolewa usiku? Na ile theluji ilikuwa magotini, leo lami inaonekana nyeusi kabisa mtaa mzima. Wameipeleka wapi?

Toka: kaka wa Ipagala (nipo likizo nyumbani)

Marahaba mdogo wangu, pole sana, hilo limewakuta wengi. Mimi nimekaa mji huo huo miaka kumi na moja, sasa hivi nipo barazani Dodoma, na hapa mbele kuna tipa linashusha mchanga kwa jirani anayejenga, mchanga wa korongo, vijana wanausogeza na machepe usizibe njia. Basi theluji iangalie hivyo hivyo, iangalie kama mchanga, usiiangalie kama mvua. Kwetu mvua ikipiga hata iwe kubwa vipi, baada ya masaa machache korongo limeshabeba, kesho kutwa vumbi. Theluji haiendi popote, ikianguka imeanguka, na ya wiki ijayo inakaa juu ya hiyo hiyo.

Niliwahi kupiga hesabu ikanishangaza. Montreal msimu mzima inaanguka kama mita mbili na kidogo, na kwa kawaida theluji sentimita kumi ukiyeyusha unapata maji kama sentimita moja, kwa hiyo theluji yao yote ni maji ya milimita 210 hivi. Dodoma hii tunayoiita kame inapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka! Yani tatizo lao sio wingi wa maji, tatizo ni kwamba hayatiririki, lazima mtu ayabebe.

Wanavyofanya ni hivi. Ikianza kuanguka wanamwaga chumvi na kokoto ndogo barabarani, ikifika kama sentimita mbili na nusu magreda yanaingia kusukuma pembeni. Ikijaa zaidi, kuanzia sentimita 10 mpaka 15, ndo wanaamua kuibeba, na hapo ndipo gari lako lilipoingia matatani, maana haibebeki kama pembeni pamepakiwa magari. Usiku mmoja kesha dirishani uangalie, mimi mpaka leo nikisikia bado nachungulia. Kwanza linapita bredauni linapiga king'ora mtaani, hicho king'ora ndo cha kukwambia utoke ukatoe gari. Halafu vinakuja vitrekta vidogo vinasukuma theluji ya njia ya waenda kwa miguu kuja barabarani, greda linaivuta inakuwa tuta moja refu kama tuta la viazi, halafu nyuma lile limashine lenye vyuma vya kuzunguka kama mashine ya kusagia nyama, linameza tuta huku linatembea na kulirusha kwa shingo ndefu mpaka ndani ya lori linalotembea ubavuni kwa mwendo ule ule. Lori likijaa linachomoka, la nyuma linaingia, mashine haisimami. Nyumba inatetemeka kidogo. Dakika chache mtaa wenu umeisha.

Inapokwenda: Montreal ina sehemu kama 28 za kumwaga theluji. Kubwa kuliko zote ni machimbo ya zamani ya mawe ya Francon kule Saint-Michel, shimo kubwa kweli, linajazwa mpaka unakuwa mlima na mlima huo bado upo watu wakiwa wameshavaa kaptula. Sehemu nyingine ni matundu ya kuingilia kwenye mabomba makubwa ya majitaka, theluji inamwagwa humo, majitaka yana joto kidogo basi inayeyuka na kwenda kwenye mtambo wa kusafishia. Kwa msimu wa kawaida ni kama mita za ujazo milioni 12, safari za malori kama laki tatu. Piga picha laki tatu za tipa kama hili la jirani.

Zamani walikuwa wanaimwaga tu mtoni, mto St. Lawrence, wakaacha, na mimi naona walifanya vizuri sana kuacha, kwa sababu theluji ya barabarani sio ile nyeupe ya kwenye picha, ina chumvi, ina oili, ina takataka za kila aina. Chumvi yenyewe ndo inaniuma zaidi, ikiyeyuka inaingia kwenye vijito na visima haitoki tena. Sisi tuliokulia kwenye maji ya kisima yenye chumvi tunajua maana yake. Na baridi ikishuka chini ya nyuzi kumi hasi hivi chumvi ya kawaida inaanza kushindwa kuyeyusha, ndo maana utaona wanamwaga kokoto, hapo tembea taratibu.

Kuhusu gari sasa. Angalia vibao vya rangi ya chungwa vinavyochomekwa kwenye theluji pembeni ya barabara, vina saa, mara nyingi 7 mpaka 19 au 19 mpaka 7. Saa 19 ni saa moja yetu ya usiku, usije ukaichanganya. Kuna na app ya jiji inaitwa Info-Neige inakuonesha mtaa wako utabebwa lini. Na ukifukua gari, kabla hujawasha anza na bomba la moshi, likiwa limezibwa na theluji ule moshi unarudi ndani ya gari na unaua bila hata kunukia. Hilo tafadhali usisahau kabisa. Ukipata siku yenye joto kidogo osha gari chini kwenye chesisi, chumvi inakula chuma.

Toka: dada wa Makole, Boston

Mdogo wangu pole. Nyongeza kidogo tu, huku majumba mengi theluji ya mbele ya nyumba ni ya mwenye nyumba kuiondoa, kwa hiyo soma mkataba wako wa pango ujue ni wewe au yeye. Ondoa mapema ikiwa bado laini, ikishakanyagwa na kuganda utavunja chepe. Baba yangu alipokuja kututembelea kutoka Kongwa alitaka kunisaidia, nikamkatalia, mtu mzima mwenye presha kunyanyua theluji kwenye baridi moyo unaweza kusimama, na kila mwaka wanakufa watu hivyo. Na bomba la zimamoto likiwa mbele ya nyumba yako lifukue pia.

Msimu wa 2014 kuingia 2015 huku theluji ilianguka karibu mita 2.8, wakaikusanya uwanja mmoja kule Seaport, lundo la mwisho liliisha tarehe 14 Julai. Nilikwenda kuliona mwezi wa sita, lilikuwa jeusi, limejaa matairi na vyuma, huwezi kuamini kuwa ni theluji.

Toka: shemeji wa Kikuyu, Sundsvall

Habari za humu. Huku Sweden kuna kitu natamani wataalamu wetu wakione. Hospitali ya hapa Sundsvall tangu mwaka 2000 inapozwa kwa theluji. Ya mitaani wanairundika kwenye shimo kubwa karibu na hospitali, wanaifunika kwa vipande vidogo vya mbao, joto linashindwa kupenya, basi kiangazi wanachukua maji yake ya baridi yanapoza mfumo wa ubaridi wa hospitali, yakipata joto yanarudishwa kwenye lundo. Mwezi wa nane nje watu wanatoka jasho, ukifukua zile mbao chini unakuta barafu. Nikiwaza Dodoma tunavyopoteza maji ya korongo kila masika, na hawa wanatunza mpaka theluji.

Toka: mdogo wenu wa Nkuhungu, Montreal

Asanteni sana wakubwa zangu. Leo nimerudi chuo nimekuta kibao cha chungwa mtaani kwetu, 19 mpaka 7. Nimefukua bomba kwanza, nimehamisha gari ng'ambo. Sasa hivi nipo dirishani, king'ora ndo kinapita.